Lugha Haiokotwi Barabarani

Mlowo kila mtu ni profesa wa lugha. Mwambie mzee aliyekaa juu ya magunia yake ya lumbesa kwamba kijana wa jirani amechaguliwa kusomea Kifaransa au Kichina chuo kikuu, atakujibu papo hapo: "Lugha nayo inasomewa? Mpelekeni Tunduma mwezi mmoja, atarudi na Kibemba, Kinyamwanga, na Kilingala juu." Kisha atakutajia utingo aliyeishia darasa la saba anayefanya biashara kwa lugha tano.

Utingo huyo yupo, na namheshimu. Ninachokataa ni kwamba kwa sababu yeye yupo, chuo hakina kazi.

Tuanze na Kongo, maana huko ndiko mahindi mengi yanakopita mpaka. Wafanyabiashara wetu wana hoja wanayodhani haina jibu: Lubumbashi watu wanazungumza Kiswahili, Kifaransa cha nini? Kweli, sokoni utanunua na kuuza kwa Kiswahili, ingawa chao kina mambo yake. Lakini karatasi za forodha ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa ni za Kifaransa. Mteja akigoma kulipa, mahakamani ni Kifaransa, na sheria ya biashara itakayotumika ni ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wa kuoanisha sheria za biashara ambao Kongo ilijiunga nao mwaka 2012. Hapo Kiswahili cha sokoni kinaishia mlangoni. Tajiri mwenye malori matano anasimama kando ya kaunta akisubiri wakala wa upande wa pili amweleze kilichoandikwa kuhusu mzigo wake mwenyewe, na anaamini atakachoambiwa kwa kuwa hana namna nyingine.

Anayebisha bado aitazame reli inayopita hapa kwetu. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na maelfu ya vijana wa Kitanzania walitoboa milima na kutandika mataruma pamoja na Wachina. Kwa mantiki ya kijiweni, hao ndio wangekuwa mabingwa wa Kichina: kambi moja, mvua ile ile, miaka kadhaa. Wengi waliondoka na salamu, majina ya zana na maneno machache ya kuamrishwa. Mengine yalikwenda kwa ishara za mikono. Mwaka 1972, ujenzi ukiendelea, vijana wapatao 200 kutoka Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing, Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Kaskazini, kusomea kazi za reli. Walianza na lugha kwanza, masomo ya reli yakafuata. Nani kati ya makundi hayo mawili angeweza kufungua mwongozo wa injini na kumbishia fundi Mchina? Swali hilo si la kihistoria tu. Septemba 2024, Tanzania, Zambia na China zilitia saini huko Beijing hati ya makubaliano ya kuifufua reli hiyo hiyo, na sisi bado tunamcheka kijana anayesomea Kichina.

Wajerumani hawakuwa na ucheshi huo. Mwaka 1887 walifungua Berlin seminari ya lugha za Mashariki, maofisa wakafundishwa Kiswahili kabla ya kupanda meli. Baadaye Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo akawa miongoni mwa walimu wao. Walikuja kututawala wakiwa wameshasoma. Sisi tunakwenda kuuza mahindi hatujasoma, tena tunajisifu.

Wenye dharau wana robo ya haki, nayo niwape. Yupo mhitimu wa Kifaransa aliyefaulu mitihani yote ila hajawahi kukisikia kikitumika kugombania bei, kutongoza wala kutukana. Mkongomani akimjibu kwa kasi, anababaika. Kosa hilo ni la chuo kilichomfungia darasani miaka mitatu, na dawa yake ni kumpeleka kwa wenye lugha akiwa bado mwanafunzi, mwenye mwalimu wa kumsahihisha na kazi ya kuandika jioni. Akienda bila darasa atakuwa utingo mwingine tu. Akibaki na darasa peke yake atakuwa kamusi inayotembea.

Na kwa nini aende Paris? Vyuo na wazazi wanakaa wakingoja ufadhili wa Ulaya, na usipokuja safari inafutwa. Lubumbashi iko mwisho wa barabara hii hii yanakopita malori usiku kucha. Bujumbura nako ofisi zinaandika Kifaransa. Muhula mzima katika mmoja wa miji hiyo hauhitaji tiketi ya ndege, na mwanafunzi atakutana huko na watu wale wale atakaofanya nao kazi maisha yake yote.

Mzazi wa Mlowo anayeuza magunia ili alipe ada ana haki ya kukiuliza chuo: mwanangu atapelekwa wapi, mwaka wa ngapi, kwa miezi mingapi? Wakimjibu kwamba hakuna safari, hapo ndipo pa kugomea ada.