KOROSHO ZETU NA MNUNUZI ASIYEONEKANA



Mama mmoja wa Mahuta ameniuliza: "Sista, korosho ninazobangua nyumbani naweza kuziuza Ulaya kwa simu?" Najua si yeye peke yake mwenye swali hilo, basi namjibu hapa.

Kompyuta imekwisha kufika kwenye korosho zetu. Tangu msimu ulioanza Oktoba 2024, minada ya korosho ghafi hupitia mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mnunuzi hutaja bei akiwa mbali, nao wakulima wa TANECU huziona. Zamani ilikuwa zabuni za sandukuni. Msimu ule kilo ilivuka shilingi 4,000, na nyumba nyingi zilipumua. Hata hivyo, sehemu kubwa huondoka na maganda yake kwenda India na Vietnam, na ujira wa kubangua unabaki huko.

Kwa hiyo, mama, wazo lako ni zuri. Lakini piga hesabu: kilo 1 iliyobanguliwa hutoka katika kilo 4 au zaidi za ghafi. Ongeza kuni, mifuko, na siku zako.

Sasa niseme kama muuguzi. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi. Vaa glavu, na mtoto asikae karibu na moshi wake. Aliye na kidonda mkononi au anayeharisha asiguse kokwa. Kausha vizuri, maana unyevu huleta kuvu, na kuvu huleta sumu iitwayo aflatoksini, inayodhuru ini. Umoja wa Ulaya hauruhusu izidi mikrogramu 4 katika kilo 1 ya korosho zilizo tayari kuliwa. Mikrogramu ni gramu 1 iliyogawanywa mara milioni! Macho hayaioni, maabara huiona, na mzigo unaweza kukataliwa bandarini baada ya wewe kulipa nauli yake.

Picha nzuri kwenye simu ni kazi ya dakika tano. Kinachochukua miezi ni nembo ya ubora ya TBS, cheti cha afya ya mimea, cheti cha uasili kutoka TCCIA, na taratibu za Bodi ya Korosho. Mama mmoja peke yake atachoka. Kumi katika kikundi watagawana gharama na safari. Waulizeni SIDO Mtwara kuhusu ufungashaji.

Halafu kuna matapeli. Anayejiita mnunuzi wa ng'ambo akakuomba utangulize fedha ya "usajili" au "kibali", mkatae, hata akikutumia picha ya ofisi yake. Zungumza na mumeo kabla ya kutoa senti, na ada ya watoto isiguswe.

Mimi ningeanza na Dar es Salaam: kilo chache kwa duka linalouzia wageni, lebo yenye tarehe na jina la kikundi, nikaona kama wataagiza tena.