Vurugu Zilizuka? Nani Alizizua?

Wasee, mwezi uliopita tuliamka ploti yetu ikiwa kavu. Keateka akatuma mesej moja kwa grupu ya wapangaji: "Pipe burst. Each house 500 for repair." Basi. Siku tatu nikabeba mitungi hadi ghorofa ya nne, lifti hatuna, na mia tano natafuta.

Siku ya nne mama mboga wa pale geti akatupa stori yenyewe. Kuna vijana walikuwa wanachimba mtaro wa kontrakta fulani, sururu ikaingia kwa bomba. Yaani bomba halikupasuka. Lilipasuliwa.

Hapo nikaanza kuangalia haya maneno vizuri. "Burst" ya Kiingereza haibadiliki. Bomba lipasuke lenyewe ama mtu alipasue, neno ni hilo hilo. Hata past tense ni "burst" tu (nyinyi wa "bursted", kalamu nyekundu ya mwalimu mnaikumbuka). "Erupt" ndiyo noma zaidi. Volkeno ina-erupt, kicheko kina-erupt, vita ina-erupt, lakini huwezi kusema fulani ali-erupt vita. Sentensi haina kiti cha huyo mtu. "Break out" ni vile vile: a fight broke out, kama vile vita ilikuwa imefungiwa mahali, ikavunja mlango ikatoka yenyewe. Na by the way, "erupt" na "corrupt" ni ndugu, zote zimetoka kwa neno moja la Kilatini la kuvunja. Nacheka tu.

Sasa cheki Kiswahili, hii lugha tunaisomea mtihani halafu tunaisahau. Pasuka, pasua. Lipuka, lipua. Bomoka, bomoa. Ibuka, ibua. Zuka, zua. Ukiacha hiyo k, kitu kimetokea tu. Ukiitoa, sentensi inakudai jina: nani?

Si mchezo wa maneno. Tumekua tukisikia kwamba baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, "violence erupted". Zaidi ya watu 1,100 walikufa. Ukisikia hivyo unadhani ni mvua ilinyesha. Lakini tume ya Jaji Waki ilipochunguza mwaka 2008, ilipata kwamba kuna sehemu ghasia zilipangwa, na kwamba polisi walipiga watu risasi. Tume ikaweka majina ya washukiwa kwa bahasha, ikafungwa, ikapewa Kofi Annan. Fikiria hiyo. Sisi tulipewa sentensi isiyo na mtu, na majina yakaenda kwa bahasha.

Najua mtaniambia hata watangazaji wa Kiswahili husema "vurugu zilizuka". Kweli, na hapo ndipo nina shida na sisi. Kiingereza angalau kina kisingizio. Sisi tuna "zua" mfukoni na bado tunachagua "zuka", kwa sababu "zuka" haikosani na mtu.

Sisemi k ni mbaya kila mahali. Ol Doinyo Lengai ikilipuka, hakuna wa kushtaki. Na kama habari ndiyo imeingia na haijulikani nani alianza, usibuni jina. Sema bado haijulikani, halafu rudi uulize. Shida ni wale hawarudi. Maandamano yanaisha, watu wanazikwa, na "chaos erupted" inabaki hapo kama ndiyo jibu.

So next time ukisoma kitu kimezuka, kimelipuka ama kimepasuka, toa k kwa kichwa yako na uulize swali.

Sisi tuliuliza. Mpangaji mmoja aliandika kwa grupu: "Keateka, nani alipasua?" Kimya ya dakika kumi. Jioni tukaambiwa tusitume pesa, kontrakta atalipa.

Mia tano yangu bado ninayo, juu ya herufi moja.