Mfugaji Naye Ni Mwalimu

Mtaa wa Mountain View ninakoishi, magharibi mwa Nairobi, umezungukwa na elimu ya mifugo. Kabete, jirani zetu, kuna kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Ukifuata barabara iendayo Nakuru utafika Uthiru, yaliko makao ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI. Na papa hapa mtaani ipo elimu nyingine isiyo na bango wala cheti. Mlinzi wa lango aliyekulia Kajiado akichunga kondoo anayo. Mama wa Kangemi anayefuga mbuzi wawili nyuma ya nyumba anayo. Mchuuzi aliyetoka kaskazini na mbuzi wake wa kuuza anayo pia. Ajabu ni kwamba elimu hizi hupishana barabarani kila asubuhi pasipo kuamkiana. Nionavyo mimi, kimya hicho kimekwisha kutugharimu, na kitatugharimu zaidi iwapo shule zetu hazitaingilia kati.

Tutazame mfano wa kondoo mwekundu wa Kimaasai. Hadi katikati ya miaka ya 1970, kondoo huyu alikuwa ameenea katika nyika zote za wafugaji nchini Kenya. Ndipo ulipoanzishwa mpango wa kuwapatia wafugaji, kwa bei ya ruzuku, madume ya Dorper, kondoo wa Afrika Kusini mwenye mwili mkubwa na nyama nyingi. Wafugaji wakapandisha kondoo wao kwa madume hayo kizazi baada ya kizazi, kwani hakuna aliyewafundisha jinsi ya kuchanganya damu mbili bila kuimaliza ile ya asili. Mwaka 1992 watafiti walipomsaka kondoo mwekundu asiyechanganywa, hapa Kenya na kaskazini mwa Tanzania, waliambulia wachache mno. Wahenga walikwisha kutuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Mbacha huo ulikuwa na thamani gani? Kati ya 1991 na 1996, kondoo wa aina zote mbili walifugwa pamoja Diani, katika pwani yetu yenye unyevu, ili wapimwe. Kondoo wa Kimaasai walihimili vizuri zaidi minyoo inayofyonza damu tumboni, na wana wao walikufa kwa uchache kuliko wana wa Dorper. Sifa hiyo haikuzaliwa katika maabara. Ilitokana na karne nyingi za ufugaji katika mazingira yetu, ambamo mnyama dhaifu hufa na aliyestahimili huachiwa azae. Sayansi ilithibitisha thamani ya kondoo huyo wakati ambapo tayari alikuwa haba.

Simlaumu Dorper. Katika maeneo makavu yasiyo na minyoo mingi anaweza kumfaa sana mfugaji, na wapo wanaomchanganya na kondoo mwekundu kwa mpango mzuri wakapata faida ya pande zote mbili. Kosa ni kwamba mnyama aliletwa, maarifa ya kumtumia yakaachwa nyuma. Na mwenyeji hakuulizwa yeye anajua nini. Methali yetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari ile mgeni alikuja, na mwenyeji akakaribia kuangamia.

Afrika Kusini hiyo hiyo imetupa mfano wa kinyume chake. Wataalamu wake walitengeneza kadi yenye rangi tano, kuanzia nyekundu iliyokoza hadi nyeupe. Mfugaji hufunua ukope wa chini wa kondoo au mbuzi wake, akalinganisha rangi ya ndani na ile ya kadi. Ukope ukiwa umepauka, mnyama huyo amepungukiwa na damu na apewe dawa ya minyoo. Ukiwa mwekundu, aachwe. Dawa haipotei bure, na minyoo haizoei dawa upesi. Ufundi huo haukufungiwa chuoni. Ulikabidhiwa mchungaji mwenyewe, ambaye hata kama hajui kusoma, macho yake yamezoea kumchunguza mnyama. Hivyo ndivyo elimu ibadilishanwavyo.

Wala kubadilishana si jambo geni katika sehemu hizi. Kabla ya reli kufika Nairobi, wanawake wa Kikuyu walikuwa wakipeleka vyakula vya shambani kwa Wamaasai na kurudi na kondoo, mbuzi na ngozi, hata katika nyakati ambapo wanaume wa pande hizo mbili walikuwa na uhasama. Wakikuyu nao walikuwa na ujuzi wao: walimnenepesha kondoo ndani ya nyumba kwa kumlisha majani ya viazi vitamu. Ujuzi huo ndio anaouhitaji leo mtu mwenye kiploti Kangemi asiye na malisho. Na mwenye malisho Kajiado, ambako ardhi inazidi kukatwa vipande, atauhitaji kesho.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba kila lililo la kale ni dawa. Mwaka 1996 kilichapishwa kitabu kilichokusanya tiba za asili za mifugo kutoka jamii mbalimbali za Kenya, na ilikuwa kazi ya maana sana. Lakini baadhi ya mitishamba ya minyoo inayosifiwa na wafugaji wetu ilipopimwa katika kondoo, na matokeo kuchapishwa mwaka 2003, haikuonyesha nguvu iliyotarajiwa. Kumheshimu mfugaji si kukubali kila alisemalo. Ni kulichukua neno lake kwa uzito unaostahili, likapimwa kama linavyopimwa neno la profesa.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu na wanafunzi. Vilabu vya 4K, ambavyo serikali ilivifufua mwaka 2021, visiwe vya kupanda sukuma wiki pekee. Mwalimu wa kilimo amwalike mfugaji mmoja kwa muhula, awe mzazi, mlinzi au mchuuzi, aeleze jinsi anavyomchagua dume na anavyomtambua mnyama mgonjwa kabla hajalala chini. Wanafunzi waandike maneno yake pamoja na jina la jamii yake, kisha wayapeleke Kabete wakaulize yapi yamepimwa na yapi bado. Mtoto aliyekuwa akiona haya kusema kwamba babake ni mchungaji atatambua kuwa nyumbani kwao kuna maktaba.

Jambo hili halingoji. Sotoka ya mbuzi na kondoo iliingia Kenya mwaka 2006, na mataifa yameazimia kuitokomeza duniani kufikia 2030. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kuwa imetokomezwa mwaka 2011, na haikushindwa na chanjo peke yake: wafugaji ndio waliowaonyesha madaktari ulikojificha ugonjwa, na wengine wao walifundishwa kuchanja mifugo wenyewe. Tukitaka ushindi wa pili, kalamu na fimbo ya mchungaji zianze kuamkiana sasa, na darasani ndipo mahali pa kuanzia.