Kyaka Ilikwisha Kutuambia Tununue Nini

Tarehe 3 Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalilipua daraja la Kyaka, juu ya mto Kagera. Siku mbili kabla yake Amin alikuwa ametangaza kwamba ardhi yote ya Tanzania iliyo kaskazini mwa mto Kagera, takriban kilomita za mraba 1,800, ni mali ya Uganda. Tangazo lilikuwa maneno matupu. Kilicholipa nguvu ni mto usiovukika. Wananchi walionaswa ng'ambo hawakuwa na pa kukimbilia, huku ng'ombe wao wakiswagwa kuvushwa mpaka. Na jeshi letu, lililokuwa likipandishwa kutoka kusini kwenye matope ya mvua za vuli, malori na mabasi ya raia yakiwa yamechukuliwa ili kubeba askari, lilifika ukingoni likasimama. Mizinga ilivuka kwa sauti. Watu wenyewe walisubiri wiki kama tatu hadi wahandisi medani wa JWTZ walipoweka daraja la muda.

Wiki hizo tatu ndizo ninazotaka tuzipime leo, kwa sababu majeshi mengi duniani yamerudi kuvitamani vifaru vya uhandisi. Hivi ni vifaru ambavyo kazi yao ya kwanza si kupigana, bali kufungua njia. Kimoja kina jembe mbele la kufukua mabomu ya ardhini, kingine kina sahani ya katapila ya kusawazisha mahandaki, kingine kinabeba daraja mgongoni na kulitandika bila askari kutoa kichwa nje. Vilizaliwa kutokana na damu. Huko Dieppe, Ufaransa, Agosti 1942, wahandisi waliotumwa kulipua vizuizi waliuawa ufukweni kabla ya kuvifikia, na vifaru vilivyowategemea vikakwama. Waingereza wakampa Jenerali Percy Hobart kazi ya kuunda divisheni nzima ya mashine za kufungua njia, nazo zilitua Normandy tarehe 6 Juni 1944. Hata hivyo chuma hakitoshi peke yake: mwaka 2023 Ukraine ilipoteza baadhi ya vifaru vya aina hiyo ilivyopewa na Finland, ndani ya mabomu ya ardhini ya Zaporizhzhia.

Je, Tanzania ijiunge na wanunuzi hao? Jibu langu ni hapana, isipokuwa kwa sehemu ndogo nitakayoieleza.

Daraja linalobebwa na kifaru kwa kawaida huruka pengo la mita 20 hivi. Maji ya Kagera pale Kyaka ni mapana kuliko hapo. Mashine ya mabilioni ya shilingi ingefika ukingoni Novemba ile na kusimama pamoja na askari wa miguu. Kilichohitajika ni daraja la kuelea, daraja la chuma la kuunganisha kwa vipande, boti za kusukuma, na watu waliozoea kazi hiyo usiku na mvuani. Vita vilipoendelea hali haikubadilika. Lukaya, ndani ya Uganda, Machi 1979, barabara ilipita katikati ya kinamasi, na kifaru kilichotoka nje yake kilikuwa kimekwisha. Mutukula nako, baada ya kutekwa Januari, kazi kubwa ya uhandisi ilifanywa na mabuldoza. Kizuizi cha nchi hii ya Maziwa Makuu ni maji na tope kabla hakijawa zege na seng'enge.

Najua hoja ya upande wa pili, nami naiheshimu. Anayeketi juu ya buldoza tupu mbele ya bunduki hana kinga yoyote, na yeyote aliyesimama kwenye makaburi ya mashujaa wa vita hivyo Kaboya, wilayani Muleba, hawezi kusema kwamba uhai wa mhandisi ni gharama ndogo. Basi linunuliwe lile linalomlinda moja kwa moja: vyumba vya chuma kwa madereva wa mabuldoza, na majembe na magurudumu ya kulipulia mabomu yanayofungwa mbele ya vifaru tulivyo navyo tayari. Hiyo ndiyo sehemu ndogo niliyoitaja. Bei yake haifanani kabisa na ya kifaru kipya.

Fedha itakayobaki iende kwenye vitu ambavyo watu wa Bukoba na Muleba watavihitaji hata vita isipokuja tena. Septemba 10, 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliangusha nyumba Bukoba na kuua watu zaidi ya 15. Novemba 6, 2022 ndege ilipotumbukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, ikiwa na watu 43, wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na baadaye watu waliivuta ndege kwa kamba wakiwa ndani ya maji. Watu 19 walikufa. Boti za kusukuma daraja la kuelea, winchi, kreni na wapigambizi wa uhandisi medani vingekuwa na kazi asubuhi ile, kama vingekuwa karibu.

Ukaribu ndio ninaoutilia mkazo kuliko aina ya mashine. Vipande vya daraja vilivyohifadhiwa Dar es Salaam viko zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Kyaka. Viwekwe Kagera, Kaboya kwa mfano. Mazoezi yafanywe kila mwaka wakati wa vuli, mto ukiwa umejaa, pamoja na madereva wa mitambo wa TANROADS na wavuvi wa Bukoba, na kamanda apimwe kwa saa anazotumia kuvusha lori la kwanza.