Kinachozeesha Pikipiki ni Deni

Kila familia yenye mtu aliyesoma ina mshauri wa bure. Mshauri huyo yuko mjini, ana kifurushi cha intaneti, na kwa kila kitu kilichoharibika kijijini ana jibu moja: uzeni, nunueni kipya. Pampu ikivuta hewa, uzeni. Cherehani ikiruka nyuzi, uzeni. Pikipiki ikikataa kuwaka, uzeni, tena haraka, kabla haijashuka bei. Nasoma shahada ya uzamili ya uhasibu, kwa hiyo kwetu nahesabiwa katika kundi hilo la washauri. Naandika haya kulipinga.

Pikipiki ninayoizungumzia ni Honda CG125 iliyoegeshwa kwenye banda la korosho kwa marehemu mjomba wangu, Maneromango, wilaya ya Kisarawe. Mjomba aliinunua mkono wa pili. Aliiendesha hadi Msanga na Vikumburu, akabebea mihogo, magunia, wagonjwa na maharusi. Tangu afariki imelala. Fundi ameifungua na kutoa taarifa yake: ringi za pistoni zimekwisha, vali zinavuja, cheni imelegea kupita kiasi, matairi yamepasuka kwa jua, na nyaya zimeliwa na panya. Fremu ni nzima. Krenki ni nzima. Giaboksi ni nzima.

Binamu yangu, mtoto wa marehemu, ana miaka 23 na anataka kubeba abiria. Familia ikaulizana kwenye kundi la WhatsApp: tuifufue Honda au tumtafutie mpya? Majibu yalikuja kama mvua ya masika. Karibu wote, hasa sisi tulio mbali, tukaambizana kwamba hiyo ni skrepa, auziwe wa kupima kwa kilo, na dogo achukue mpya ya mkataba. Mkazamjomba, ambaye ndiye anayeishi na pikipiki hiyo, aliandika sentensi moja tu: "Wanangu, huo mkataba ataulipa nani mvua ikinyesha?" Hakuna aliyemjibu. Makala haya ni jibu langu kwake, na ni ubishi wangu na waliobaki.

Tuanze na neno "imechoka". Ndilo neno tunalotumia kufunga mjadala. Lakini uchovu si ugonjwa wa mashine. Mashine ina sehemu, na kila sehemu ama inafanya kazi ama haifanyi. Ukimwambia fundi mzuri kwamba pikipiki imechoka, atakuuliza: nini kimechoka? Darasani tunafundishwa kukokotoa uchakavu wa mali: kila mwaka unapunguza kiasi fulani cha thamani, hadi daftarini ibaki sifuri. Ni njia halali ya kutunza vitabu. Ila sifuri hiyo iko kwenye daftari. Pistoni haijui kwamba mhasibu ameifuta.

Na Honda hii haikutengenezwa ili itupwe. CG125 ilitoka mwaka 1976, na wahandisi wa Honda waliibuni wakijua kwamba katika nchi nyingi pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na hukaa muda mrefu bila kufanyiwa huduma. Kwa hiyo waliacha ile cheni ndogo ya ndani inayozungusha kamshafti juu ya injini, wakatumia vijiti vinavyosukuma vali kutoka chini. Ni muundo wa kizamani kwa makusudi: vitu vichache vya kulegea, vichache vya kurekebisha. Viwanda vya China viliuiga muundo huo kwa wingi, na injini nyingi za Kichina za ukubwa wa 125, zikiwemo za SanLG zilizojaza barabara zetu, ni watoto wa CG. Pakistan pikipiki hii bado inaundwa na kuuzwa ikiwa mpya, wala wateja wake hawaoni haya.

Maana yake kwa mtu wa Maneromango ni hii: spea za mashine hii "iliyokwisha" ziko Kariakoo leo, madukani, kwa bei ya spea za Kichina. Fundi aliyejifunza kwenye SanLG anaijua injini hii bila kitabu. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 56.5. Ikilika, inachongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi kwa robo milimita, kisha robo nyingine, hadi milimita nzima. Silinda ya mjomba haijawahi kuchongwa hata mara moja. Ina maisha kadhaa ambayo hayajaguswa, na sisi tulitaka kuyauza kwa kilo.

Sasa hesabu, maana hapo ndipo washauri wa bure hukimbia. Fundi ameandika kila kitu: kuchonga silinda na pistoni mpya yenye ringi, vali, pleti za krachi, cheni na sproketi, matairi mawili na tyubu zake, breki shuu, kabureta, betri na nyaya, bearing, gasketi na oili sili, pamoja na ujira wake. Jumla ni shilingi 610,000.

Mkataba alioletewa binamu yangu unasema hivi: kianzio shilingi 500,000, kisha hesabu ya 8,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 78. Zidisha. Hesabu peke yake ni shilingi 3,744,000. Ongeza kianzio, inakuwa 4,244,000. Pikipiki hiyohiyo tuliulizia dukani kwa fedha taslimu, tukaambiwa 2,900,000. Tofauti ni shilingi 1,344,000. Tofauti tu, ile gharama ya kutokuwa na fedha mkononi, ingeifufua Honda ya mjomba mara mbili na ikabaki chenji ya mafuta.

Lakini fedha si ubaya mkubwa wa mkataba. Ubaya mkubwa ni kadi. Kadi ya pikipiki inakaa kwa tajiri mpaka shilingi ya mwisho. Dereva akiugua, hesabu inahesabika. Barabara ikigeuka tope na abiria wakakaa majumbani, hesabu inahesabika. Akichelewa kupita kiasi, pikipiki inachukuliwa, na kwa mkataba ule alioletewa binamu, kilichokwisha kulipwa hakirudi. Yaani unaweza kulipa wiki 70, ukashindwa ya 71, ukarudi nyumbani kwa miguu. Mtu wa namna hiyo hamiliki pikipiki. Amekodi pikipiki na kuambiwa kwamba ananunua.

Na hapo ndipo kipya kinapozeeka. Mtazame dereva mwenye hesabu. Oili inatakiwa kubadilishwa, lakini fedha ya oili ndiyo hesabu ya leo, basi atabadilisha wiki ijayo. Cheni inalia, atakaza Jumapili. Abiria watatu, magunia mawili, usiku hadi saa sita, kwa sababu 8,000 haijatimia. Hafanyi hivyo kwa ujinga. Anafanya kwa sababu anafukuzwa. Pikipiki mpya kabisa, inayoendeshwa hivyo kwa mwaka mmoja na nusu, inamfikia mmiliki wake siku ile ya kukabidhiwa kadi ikiwa tayari inahitaji kushushwa injini. Wazee walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Wiki 78 ni muda mrefu wa kuuguza kidonda.

Najua yatakayosemwa, na baadhi ni ya kweli.

Kwanza, usalama. Pikipiki inayobeba mama mjamzito usiku kutoka kijiji cha ndani haipaswi kuzimika njiani. Nakubali kabisa. Ndiyo maana sisemi tuiwashe Honda kwa kamba na maombi. Orodha ya fundi ina breki, matairi, bearing na nyaya mpya, na hakuna hata kimoja ninachokubali kipunguzwe. Mtu anayefufua injini na kuacha breki za zamani hajafufua chochote, ameandaa msiba. Lakini mwulize pia mwenye mpya ya mkataba mara ya mwisho alibadilisha breki shuu lini.

Pili, siku za kulala karakana. Pikipiki ya zamani itamlaza binamu siku mbili tatu mara kwa mara, na siku hizo hataingiza kitu. Kweli. Tofauti ni kwamba siku hizo hadaiwi. Akilala kwa mwenye Honda, amekosa mapato. Akilala kwa mwenye mkataba, amekosa mapato na ameongeza deni.

Tatu, nidhamu. Wapo wanaosema mkataba humlazimisha kijana kuweka akiba, na bila kusukumwa atakula kila kitu. Hoja hii inanikera, lakini ina uzito. Basi asukumwe na wenzake. Vikoba vipo, na anayekosa kuweka hisa anajulikana kwa jina. Akiweka 5,000 tu kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki zilezile 78, atakuwa na shilingi 2,340,000. Akiongeza kidogo, au akiiuza Honda ikiwa inatembea, anaingia dukani na fedha taslimu na kutoka na pikipiki mpya ambayo kadi yake iko mfukoni mwake. Sina ugomvi na Boxer wala TVS, ni pikipiki nzuri. Nina ugomvi na mlango tunaowaingizia vijana.

Tena si kila ya zamani inastahili kufufuliwa. Fremu ikiwa imepasuka karibu na shingo ya usukani, usichomelee, iuze. Kasha la injini likiwa limevunjika na krenki imekwisha, fedha yako itamezwa. Na kama karatasi hazipo kabisa, simama, hata kama injini inaimba. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilizoiweka pikipiki ya abiria ndani ya mfumo wa leseni, chombo kisicho na karatasi ni chambo cha kila kizuizi barabarani. Honda yetu ina kadi, ila iko kwa jina la marehemu. Hiyo ina maana kikao cha ukoo, Mahakama ya Mwanzo, msimamizi wa mirathi, kisha TRA kuhamisha umiliki. Ni kazi inayochosha, na nashuku ndiyo sababu halisi ya wengi wetu kusema "uzeni". Skrepa haiulizi mirathi. Lakini tukikwepa mirathi ya pikipiki leo, kesho tutakwepa ya mikorosho.

Kuna jambo jingine chini ya haya yote, nalo ni aibu. Dar es Salaam kijana mwenye fedha akifufua Vespa ya zamani, akaipaka rangi na kuipiga picha ufukweni, tunamsifu kwa kuwa na jicho la vitu vizuri. Kijana wa Maneromango akipita na Honda ya baba yake, tunamwonea huruma. Chuma ni kilekile. Barani Ulaya, mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuwawezesha watu kutengenezewa vifaa vyao, kama mashine za kufulia na simu, badala ya kulazimika kununua vipya. Wenzetu wanaitungia sheria haki ambayo fundi wa chini ya mwembe anaitoa kila siku, mikono ikiwa na grisi, na sisi tunaona soni kuitumia.

Wala siombi Honda irudishwe ilivyokuwa dukani. Tenki likae na kutu yake ya nje, siti ishonwe kwa turubai, rangi isubiri. Hatutengenezi kumbukumbu ya mjomba. Tunatengeneza chombo cha kazi, na kila shilingi iende panapozunguka, panaposhika na panapowaka.

Kwa hiyo nauliza kundi la familia, na nakuuliza wewe msomaji ambaye bila shaka una kundi kama hilo kwenye simu yako. Kabla hujaandika tena "nunueni mpya", jibu maswali matatu. Fundi ameifungua, au umeihukumu kwa picha? Kadi itakaa kwa nani, na kwa wiki ngapi? Na wewe unayeshauri, unachangia kiasi gani?

Hilo la tatu ndilo zito. Kama unaamini mpya ni bora, tuma 2,900,000 tuinunue taslimu, nami nitanyamaza na kushukuru. Kama huna, basi seti ya cheni na sproketi ni 45,000, na breki shuu za mbele na nyuma ni 16,000. Chagua kimoja. Mimi nimeshatuma fedha ya kuchonga silinda.