Picha za Vibanda vya Watu

Hivi karibuni alitujia hapa Moshi kijana mmoja tuliyemsomesha madrasa, naye ametoka kutembea Unguja. Akatuonyesha katika simu yake picha za vibanda vya ufukweni Nungwi: kanga na vikoi vimetundikwa kambani vyapepea, na michoro ya Tingatinga, ile ya ndege na twiga wa rangi kali, ambayo Edward Saidi Tingatinga aliianzisha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Picha nzuri, hatukatai. Lakini katika tatu alikuwamo mama mwenye kibanda, ameinua mkono kujikinga uso.

Tukamwuliza, "Ulimwomba idhini?"

Akajibu, "Maalim, si ni sokoni? Pale ni pa watu wote."

Jawabu hilo twalijua sana, kwani wageni wajao kupanda Mlima Kilimanjaro hututolea lilo hilo. Mgeni hufika Mbuyuni au Marangu, akamkuta mama ameketi chini na mkungu wake wa ndizi mshare na mafungu ya maparachichi. Humpiga picha akaenda zake, wala hakununua hata chane moja. Akina mama hugeuza migongo, na wengine hudai fedha, nasi hatuwalaumu. Mara ngapi kijana huyu huyu amekasirika pamoja nasi! Basi alipovuka bahari akawa yeye ndiye mgeni.

Ama khitilafu ya wanavyuoni juu ya picha ya kamera yajulikana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika kuijuzisha, kwa hoja kwamba ni kuzuia kivuli tu, wengine hawakukubali. Hatuingii huko leo. Neno letu ni haki ya mtu. Katika Suratin-Nur, aya ya 27, tumeamrishwa kuomba idhini na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba za wenzetu. Soko si nyumba, ni kweli. Lakini mama yule aliweka mezani kanga, hakuweka uso wake. Na mchoraji naye ana lake: mchoro wake ukishapigwa picha, mwingine aweza kuuiga akauuza, na yeye asipate hata senti. Zamani picha ilikaa katika albamu ya mtu. Siku hizi hupigwa alasiri, na kabla ya magharibi imekwisha fika Ulaya.

Kijana alinyamaza, kisha akauliza afanyeje, na mama yule yuko mbali. Huku mlimani aliyekosa huchukua jani la isale akaenda kuomba msamaha. Nungwi hatakwenda tena kwa ajili hiyo. Tukamwambia azifute zile tatu, na kwa kila aliyemtumia aombe zifutwe. Akazifuta mbele yetu.

Moja tulimwambia aiweke. Ni ya mzee muuza vikoi, ambaye huyo alimwomba kwanza, na mzee akamwambia, "Ngoja nivae kofia."