Utafiti usiosemeka haumfai mkulima

Hivi majuzi nilihudhuria kikao cha kutetea tasnifu katika chuo kikuu kimoja kilicho mbali na kwetu. Aliyesimama mbele ya jopo alikuwa kijana wa Bungoma niliyemfundisha katika shule ya upili. Kwa misimu miwili alikuwa amezunguka mashamba ya Trans-Nzoia akihesabu viwavijeshi katika mahindi. Kazi yake naijua. Tulipokutana Kitale Jumamosi moja alinieleza kwa Kiswahili, bila kutazama karatasi, ni wapi wadudu hao hutaga mayai, ni wakulima gani waliotia majivu katika moyo wa mmea, na ni nini kilichofuata. Nilimsikiliza hata chai yangu ikapoa.

Mbele ya jopo nilimwona mtu mwingine. Aliinamisha kichwa, akayasoma maandishi ya ukutani neno kwa neno. Alipoulizwa swali la kwanza alisita, kisha akarudia yale yale aliyokwisha kusoma. Mhadhiri mmoja alimrekebisha matamshi mara tatu, na watu wakacheka. Hakuna aliyeuliza habari za viwavi. Mwishowe alirudishwa akaandike upya kwa kuwa lugha yake, walisema, ni dhaifu. Udhaifu wenyewe ulikuwa wapi, hawakumwambia.

Nilirudi nyumbani na uchungu, na sehemu ya uchungu huo ilinihusu mimi mwenyewe. Kwa miaka minne nilikuwa mwalimu wake wa Kiingereza, na alama zake zilikuwa nzuri. Lakini nilimfundisha Kiingereza cha insha: kupamba, kuzungusha maneno, kufungua kila aya kwa nahau. Nilimpa alama za juu kwa kuandika kwamba jua lilichomoza kama sahani ya dhahabu. Kiingereza cha utafiti hakitaki sahani ya dhahabu. Hutaka kujua jua lilichomoza saa ngapi, na wewe ulijuaje.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Tunawatahini watafiti wetu kwa lugha ambayo hatukuwafundisha, kisha tunawacheka kwa kutoijua. Kijana wa Bungoma huanza kwa Kibukusu, akaongeza Kiswahili, kisha Kiingereza. Ana lugha tatu, na huyo si mtu mpungufu. Akikosea vile vineno vidogo vinavyotangulia nomino za Kiingereza, ni kwa sababu Kiswahili hakina. Akimwita mama kwa kiwakilishi cha baba, ni kwa sababu kiambishi chetu cha nafsi hakibagui mume na mke. Makosa ya namna hiyo hurekebishwa na msomaji mmoja makini kwa alasiri moja. Kuyafanya kipimo cha akili ya mtu ni dhuluma.

Wala hili si neno la wasomi peke yao. Mwaka wa 2011 ugonjwa mpya wa mahindi ulizuka Bomet. Anne Wangai na wenzake waliuchunguza, wakauandika katika jarida la kimataifa mwaka wa 2012, na ulimwengu ukajua kwamba mahindi ya Kenya yalikuwa yakifa na kwa sababu gani. Mwaka wa 2017 viwavijeshi vamizi, ambao asili yao ni Amerika, walivamia mashamba ya magharibi mwa nchi, Trans-Nzoia na Bungoma yakiwamo. Mwaka uliofuata, Charles Midega na wenzake walichapisha makala juu ya kilimo cha sukuma-vuta, ambacho mkulima hupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi ili kuwafukuza wadudu, na nyasi za pembeni ili kuwavuta. Katika mashamba ya wakulima 250 wa Kenya, Uganda na Tanzania, viwavi walipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Lau watafiti hawa wangeshindwa kuandika, ujuzi huo ungebaki katika madaftari yao. Je, ni madaftari mangapi yaliyofungwa kabatini leo kwa sababu mwenyewe aliambiwa lugha yake ni dhaifu?

Anayedhani natia chumvi na atazame uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2023 na Tatsuya Amano, wa Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia, pamoja na wenzake. Waliwauliza watafiti 908 wa sayansi ya mazingira kutoka nchi nane, Nigeria ikiwamo. Ilibainika kwamba wale ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza hukataliwa makala yao kwa sababu ya lugha takriban mara mbili unusu kuliko Waingereza wenyewe. Mzigo huu basi si wa Bungoma tu. Lakini wengine wameanza kuutua, na sisi tungali tunawachekelea wanaoubeba.

Tufundishe nini? Kwanza, kupima uzito wa neno. Mtafiti akiandika kwamba majivu huua viwavi, amesema zaidi ya anayoyajua. Akiandika kwamba katika mashamba aliyoyachunguza mimea iliyotiwa majivu ilikutwa na viwavi wachache, amesema kweli, wala hakuna wa kumwangusha. Wanafunzi wetu hudhani kusita huku ni woga, ilhali ndiko kunakoitwa usahihi. Na vyombo vya kazi hii wamezaliwa navyo. Kiswahili kina -li- kwa lililotendeka, hu- kwa lililo kawaida, huenda kwa lisilo hakika, na -nge- kwa lenye sharti. Mwalimu aanzie hapo, kisha amwonyeshe mwanafunzi jinsi Kiingereza kinavyoifanya kazi hiyo hiyo.

Pili, mpango. Makala ya sayansi huuliza mambo manne kwa zamu: swali lilikuwa lipi, ulifanyaje, uliona nini, na maana yake ni nini. Anayechanganya aliyoyaona na anayoyafikiri humchosha msomaji hata kama sarufi yake haina doa.

Tatu, kusema. Kijana wangu hakuwahi kuzungumza mbele ya watu kwa dakika kumi kabla ya siku ile. Kusema hujifunzwa kwa kusema: kila juma, mbele ya wenzake, bila kusoma, huku wakimuuliza maswali naye akijizoeza kujibu, "Hilo sikulipima." Lafudhi yake ya Kibukusu aiache ilivyo. Mradi anaeleweka, hana deni kwa mtu.

Tusipoyafanya haya, njia za mkato ziko tele. Wapo wanaoandikiwa tasnifu kwa malipo. Huo ni wizi, na anayenunua ni mwizi sawa na anayeuza. Siku hizi ipo pia akili unde, inayoweza kuandika ukurasa mzima kwa nukta chache. Sioni ubaya mtafiti akiitumia kusafisha sarufi, iwapo chuo chake kinaruhusu naye akatangaza kwamba ameitumia. Lakini haikwenda shambani, wala haikuhesabu kiwavi hata mmoja. Vyuo navyo vijihadhari na programu zinazodai kuitambua kazi ya mashine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu saba mwaka wa 2023, zikazishuku kimakosa zaidi ya nusu ya insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao. Mnyonge huadhibiwa mara mbili: kwanza kwa kuandika vibaya, kisha kwa kuandika kwa maneno machache anayoyajua.

Najua yupo atakayeuliza kwa nini tusikiache Kiingereza kabisa. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuaga mwaka wa 2025, aliipigania hoja ya lugha zetu kwa miongo mingi, na Katiba yetu ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Nakubaliana na nusu ya hoja hiyo. Kiingereza ni mlango ambao ujuzi wetu hutokea kwenda ulimwenguni, na kuufunga ni kujifungia ndani. Ila nyumba yenye mlango wa kutokea tu, wenyeji wake watarudi kwa wapi?

Mama mmoja mkulima, karibu na Kiminini, alimuuliza kijana yule swali mbele yangu: "Mwanangu, ulikuja ukahesabu wadudu wangu misimu miwili. Mbona hukurudi kuniambia ulichokiona?" Kijana alijibu kwa heshima, "Mama, bado naandika." Alikuwa akiandika kwa lugha ambayo mama yule hangeisoma, ili jopo ambalo halingemsikiliza limpe ruhusa ya kwenda zake.

Kwa hivyo nawaomba walimu wenzangu wa sekondari tupunguze sahani za dhahabu na tuwape wanafunzi jambo la kuchunguza na kueleza kwa maneno makavu. Nawaomba wahadhiri wafundishe uandishi wa utafiti tangu mwaka wa kwanza, na wanapomrudishia mtu kazi wamwonyeshe kosa kwa kidole. Navyo vyuo vikuu, kikiwamo Kibabii kilichopewa hati yake hapa Bungoma mwaka wa 2015, viitake kila tasnifu iwe na muhtasari wa Kiswahili, ukasomwe pale pale utafiti ulipofanyiwa.

Kijana wangu sasa anaandika upya. Kila Jumamosi huja Kitale, tukaketi na rasimu yake sentensi kwa sentensi. Chai ingali inapoa. Lakini juzi alifika na karatasi mbili: moja ya Kiingereza kwa ajili ya jopo, na nyingine ya Kiswahili, ukurasa mmoja tu, kwa ajili ya mama wa Kiminini.